Alama 87, ufadhili hakuna, na mkataba wa Aprili uko mezani

Shikamoo Mama,

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mihogo, naishi Morogoro. Uzamivu nilimaliza mwishoni mwa 2024. Kazi yangu ni michirizi ya kahawia, ule ugonjwa ambao shamba linakuwa kijani kibichi, mwenye shamba anajisifu kwa majirani, halafu siku ya kung'oa anakata muhogo na kukuta umeoza ndani, madoa ya kahawia kila pahali. Nimehangaika nao tangu nikiwa fundi wa maabara, huu ni mwaka wa kumi na moja.

Septemba iliyopita niliomba ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ule wa Umoja wa Ulaya kwa watu waliokwishapata uzamivu, ili niende miaka 2 kwenye maabara moja Uholanzi. Maabara yenyewe naijua. Nilikaa pale miezi 8, kuanzia Oktoba 2023 mpaka mwisho wa Mei 2024, nikifanya sehemu ya uzamivu wangu. Februari majibu yakaja: alama 87 kwa 100, sikuchaguliwa. Wakaniletea na cheti kinachoitwa Muhuri wa Ubora, kwamba andiko langu ni zuri ila fedha hazikunifikia. Mama, cheti cha kufeli vizuri mtu anakipeleka wapi?

Nyumbani ndiko kunakouma zaidi. Mama mkwe alishatangaza kwenye kikoba chao. Baba mkwe kila Jumapili ananiuliza, "Safari ni lini?" Mume wangu siku hizi anabadilisha mazungumzo kabla mzee hajafungua mdomo.

Kaka yangu ni wakili, anasema nikate rufaa. Amesoma maoni ya watathmini na ana hakika mmoja wao hajawahi kuuona muhogo.

Profesa wa maabara ile ya Uholanzi naye amenionea huruma. Ana fedha za mradi mwingine, amenipa mkataba wa miezi 18 kuanzia tarehe 1 Aprili, na anasema Septemba tuombe tena nikiwa palepale kwake. Mume wangu anasema nisaini leo, fimbo ya mbali haiui nyoka. Rafiki yangu aliyeko Ubelgiji anasema niachane na hawa, nirukie ruzuku za ERC, Baraza la Utafiti la Ulaya, huko ndiko kwenye fedha.

Nikiomba tena, sijui nirekebishe nini. Ubora wa sayansi walinipa 4.5, athari 4.0, utekelezaji 4.5, yote juu ya 5. Udhaifu walioutaja: haijaelezwa vya kutosha mtafiti atawapa nini wenyeji wake, mpango wa kuwafikia walengwa ni wa jumla mno, na hatari za mradi zimeorodheshwa bila kusema mtafiti atafanya nini zikitokea. Nakiri, sehemu ya athari niliiacha mpaka usiku wa mwisho. Umeme unakatika na kurudi, nikaiomba programu ya akili mnemba initengenezee, nikabadilisha maneno mawili matatu. Sentensi ya kwanza ilikuwa hivi: "Matokeo ya mradi huu yatachangia usalama wa chakula na kuwasaidia wakulima na watunga sera Afrika Mashariki na kwingineko."

Mkataba unangoja saini mpaka mwisho wa Machi. Nifanyeje?

Mpenda Mihogo, Morogoro


Marahaba binti yangu, na pole.

Usisaini bado. Mengine yote yana muda, hili halina, kwa hiyo nalianza.

Ufadhili ulioomba una sharti la kuhama. Katika miezi 36 inayoishia siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi, mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi yake kuu, iwe ajira au masomo, kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi anayoombea. Likizo fupi hazihesabiwi. Miezi 8 ya maabara inahesabiwa, hata kama ilikuwa vipandevipande. Sasa chukua kalamu. Siku ya mwisho huwa mapema Septemba. Rudi nyuma miaka 3 kutoka Septemba hii, unafika Septemba 2023. Ile miezi yako 8, Oktoba 2023 mpaka Mei 2024, yote imo ndani. Ukianza kazi tarehe 1 Aprili, mpaka siku ya kuwasilisha utakuwa umeongeza miezi 5 na siku kadhaa. Nane na tano ni kumi na tatu. Ombi lako litatupwa kwa kukosa sifa, hata ukurasa wa kwanza wa sayansi yako hautasomwa.

Profesa wako hana nia mbaya. Maprofesa wengi hawalijui sharti hili kwa undani kwa sababu halijawahi kuwagusa wao. Wanaona mtu mzuri, wana fedha, wanampa kazi, na kwa wema huohuo wanamfungia mlango. Nimeona ikitokea kwa kijana mmoja ambaye aliligundua wiki mbili kabla ya kuwasilisha, ameshahamisha mpaka sufuria.

Mwandikie leo, kwa lugha ya adabu na yenye hesabu. Mwambie unaupokea mkataba kwa moyo mkunjufu, ila unaomba uanze Julai. Nane jumlisha miwili na siku zake ni kumi na kidogo, umebaki na nafasi ya kupumua. Akisema fedha za mradi haziwezi kungoja, muulize kama miezi hii mitatu ya mwanzo inaweza kuwa kazi ya kukusanya sampuli hapo Tanzania, taasisi yako ikiwa mshirika na wewe ukiwa bado mwajiriwa wa Morogoro. Masika ndiyo hayo yanaingia, sampuli za majani hazitakosekana. Nasema uwe mwajiriwa wa Morogoro kwa makusudi. Mkataba wa Uholanzi unaotekelezwa ukiwa Morogoro unaweza kuzua maswali, na sitaki maswali karibu na jina lako. Ukitaka hakika, kila nchi iliyomo kwenye mpango wa Ulaya ina ofisi ya mawasiliano inayojibu waombaji bure. Iandikie ya Uholanzi, weka tarehe zako zote, upate jibu la maandishi, ulihifadhi.

Kuna upande wa pili wa hesabu hii, na ni haki yako kuujua kabla ya kufunga mizigo. Ukianza Julai na Septemba ukakosa tena, mwaka unaofuata Uholanzi itakuwa imefungwa kwako, maana utakuwa umekaa miezi 14 mfululizo. Utabaki na nchi nyingine, na Ubelgiji iko mwendo wa treni tu. Kwa hiyo kwa maabara hii Septemba ndiyo nafasi yako moja, iandikie hivyo. Na ukiipata, hakuna anayekuzuia kuendelea palepale ulipo, kwa sababu sharti linaangalia siku ya kuwasilisha, haliangalii siku ya kuanza ufadhili.

Sasa kaka yako wakili. Msalimie. Malalamiko yapo, yanawasilishwa ndani ya siku 30 tangu kupokea matokeo, ila yanahusu utaratibu tu: kama mtathmini alikuwa na mgongano wa maslahi, kama walidai kitu hukuandika ilhali kimo ukurasa wa 6. Kwamba mtathmini hajui mihogo si hoja. Tena ni karibu hakika kwamba hajui, na hapo ndipo pana somo. Andiko husomwa na watu watatu wa fani pana, kila mmoja ana rundo lake, kisha wanakubaliana alama. Anayesoma lako anaweza kuwa mtu wa virusi vya nyanya, au wa mbu. Maneno ya utambulisho unayochagua kwenye fomu ndiyo yanayoamua lisomwe na nani. Mwaka huu yachague ukiwa na profesa kando yako, usiyaache yawe jambo la dakika ya mwisho.

Mwaka 2025 walijitokeza waombaji zaidi ya 17,000. Mwaka uliotangulia walikuwa elfu kumi na kidogo. Fedha zilikuwa za watu pungufu ya mmoja kwa kila kumi. Nakupa takwimu hizi ili umwelewe vizuri aliyekupa 87: hakukufelisha. Miaka michache nyuma alama kama zako zilikuwa zinakaribia mlango. Sasa foleni imerefuka, na huenda wengi waliomo wanatumia programu kama uliyotumia wewe usiku ule wa umeme kukatika. Ndiyo maana msomaji akikutana na "yatachangia usalama wa chakula" jicho lake linateleza. Ameshaisoma asubuhi hiyo mara nne.

Tuzigawe alama zako tuone zilipovujia. Ubora una uzito wa 50, athari 30, utekelezaji 20. Kila nukta moja ya kumi kwenye ubora ni alama nzima, kwenye athari ni 0.6, kwenye utekelezaji 0.4. Umepoteza 5 kwenye ubora, 6 kwenye athari, 2 kwenye utekelezaji. Ile sehemu uliyoiandika usiku mmoja imekula alama nyingi kuliko sayansi yako ya miaka kumi na moja. Ukipandisha ubora na athari mpaka 4.8 kila kimoja, na utekelezaji 4.7, unafika 95.6. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba zitatosha, lakini hapo utakuwa kwenye kundi linalogombea kweli.

Ile sentensi yako ya kwanza, nifanyie jaribio dogo. Fikiria mradi wa ufugaji wa sato Ziwa Victoria. Je, sentensi inabaki kuwa kweli? Inabaki, hata koma haihami. Weka mradi wa kudhibiti panya maghalani, bado kweli. Basi haikusema lolote kuhusu wewe.

Anza na mkulima uliyeniandikia mwenyewe, bila programu, kwenye aya ya kwanza ya barua yako: shamba la kijani, kisu, muhogo umeoza ndani. Msomaji wa virusi vya nyanya atakielewa hicho mara moja. Halafu mwambie kwamba pingili zinazoonekana safi ndizo zinazohamisha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba, na kwamba wewe unatafuta njia ya kuvigundua virusi kwenye pingili kabla hazijauzwa. Nani atatumia kipimo hicho? Si "wadau". TOSCI, wakaguzi wa ubora wa mbegu, makao yao yako Morogoro hapohapo ulipo. Nenda kawaone wiki hii, waulize wanakagua mashamba ya pingili mara ngapi kwa msimu, na wangekihitaji kipimo kiwe cha namna gani, cha maabara au cha kubeba mkononi. Wakikubali kukuandikia maelezo mafupi kwamba watakijaribu msimu fulani wa vuli, andika mwezi, andika wilaya, andika ni wakaguzi wangapi. Mpango wa kuwafikia walengwa ukishakuwa na tarehe na watu, hauitwi tena wa jumla.

Na sasa jambo ambalo sikuliona kabisa kwenye barua yako, nikashangaa, maana liko mlangoni kwa huyo profesa. Uholanzi ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nje viazi vya mbegu. Kiazi cha mbegu na pingili ya muhogo ni ndugu: vyote hupandwa kutoka kwenye mwili wa mmea mama, na mama akiwa na virusi anawarithisha watoto. Waholanzi wana shirika la ukaguzi, NAK, makao yake Emmeloord, ambalo kazi yake ni kupita kwenye mashamba ya viazi vya mbegu na kupima sampuli kabla ya kuruhusu mzigo uuzwe. Ufadhili huu unakuruhusu kutumia mpaka theluthi moja ya muda wako kwenye taasisi nyingine, popote duniani. Kwa miaka 2 hiyo ni miezi 8. Muulize profesa kama anaweza kukuunganisha na wakaguzi wa viazi kwa miezi michache, kisha sehemu nyingine uitumie nyumbani na wakaguzi wa pingili. Mtathmini akiona andiko linalotoka Emmeloord kwenda Morogoro na kurudi, swali la "Ulaya inapata nini hapa?" linajijibu.

Hilo pia linaponya udhaifu wa kwanza waliokuandikia, kwamba hukueleza utawapa nini wenyeji wako. Nadhani uliandika kurasa nzima za kile utakachojifunza kwao, ukajifanya mwanafunzi. Sisi tulivyolelewa, mgeni hajisifu kwa mwenye nyumba. Ila hiki ni kipengele chenye alama, wanauliza wazi ujuzi utahama vipi pande zote mbili, na kipo chini ya ubora ambako kila nukta ni alama nzima. Una miaka kumi na moja ya kulitazama jani la muhogo na kujua hii ni michirizi ya kahawia, hii ni batobato, hii ni njaa ya udongo tu. Ni wangapi kwenye maabara hiyo waliowahi kung'oa muhogo? Andika kwamba utaendesha mafunzo ya kutambua dalili kwa picha na sampuli zako, kwamba utawaachia mkusanyiko wa sampuli uliopangwa kwa eneo na msimu. Yaandike kama mtu anayeleta kitu.

Hatari za mradi nizipitie haraka. Kwa kila hatari, sema utajuaje kwamba imeanza, na siku hiyo utafanya nini. Vibali vya kusafirisha sampuli za mimea vikichelewa, je, uchambuzi wa kwanza utaanza na sampuli ulizoziacha pale 2024? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni sentensi moja na imekwisha. Bajeti usiipotezee usingizi, viwango vimepangwa na Tume ya Ulaya, wewe huandiki hata jedwali. Ila usimsomee mume wako kiwango kile kikubwa cha kwenye tangazo kama mshahara wa mkononi. Hurekebishwa kulingana na nchi, kisha hukatwa makato ya mwajiri na yako. Posho ya familia ipo pembeni.

Muhuri wa Ubora uutoe kabatini. Unatolewa kwa walioshika 85 na kuendelea wakakosa fedha, na kuna nchi na vyuo vikuu vilivyotenga fedha zao kwa wenye muhuri huo, bila kuwatathmini upya au kwa tathmini nyepesi. Uliza ofisi ya utafiti ya chuo cha profesa, uliza na ile ofisi ya mawasiliano. Na kama mwakani utalazimika kutafuta nchi nyingine, fikiria Ureno, Poland, Estonia au Jamhuri ya Czech. Kwa nchi za kundi hilo, zile ambazo Ulaya inataka kuziinua kiutafiti, unaweka alama kwenye kisanduku kimoja cha fomu, na ukikosa kwenye shindano kuu jina lako linaingia lenyewe kwenye fungu la pili lililotengwa kwa ajili yao.

ERC, hapana, si sasa. Ruzuku yao ya kuanzia ni hadi yuro milioni 1.5 kwa miaka 5, na wanapima ubora wa kisayansi peke yake, wazo na mtu mwenyewe. Wanatafuta mtu anayekwenda kujenga kundi lake, na wewe leo kila makala yako ina jina la profesa au la msimamizi wako wa uzamivu. Chapisha moja au mbili bila wao. Rafiki yako yuko sahihi kuhusu fedha, amekosea kuhusu mwaka. Na huna haja ya kukimbia: wao wanapohesabu miaka tangu uzamivu, mama anaongezewa miezi 18 kwa kila mtoto.

Kuhusu kalenda yako mpaka Septemba. Machi hii ni barua kwa profesa na safari ya TOSCI. Mwongozo wa mwaka huu uusome ukitoka tu, usitumie nakala ya mwaka jana, maana masharti hubadilishwa. Mtandao wa zile ofisi za mawasiliano, MSCA-NET, hutoa kitabu cha mwombaji kila mwaka bila malipo, kinaeleza kila kichwa cha habari cha zile kurasa 10 kinataka nini. Mwisho wa Juni sehemu ya athari iwe imeandikwa yote, ya kwanza kabisa, kabla hujagusa sayansi. Agosti Uholanzi nzima iko likizo, profesa wako pamoja na ofisi ya utafiti ya chuo, kwa hiyo rasimu wanayotakiwa kuisoma iwafikie Julai. Akili mnemba itumie kunyoosha Kiingereza chako, usiipe kazi ya kukuwazia.

Rasimu ya sehemu ya athari ikikamilika, mpe kaka yako wakili aisome. Hajui virusi, na mtathmini wako huenda hajui mihogo. Pale atakapokwama, weka alama.

Na Jumapili hii baba mkwe akiuliza safari ni lini, mwambie Julai. Ila mjibu baada ya profesa kukubali.